Msumeno wa meza uani: fundi ahamishwe, au tupangiane saa?

Wenzangu, huku Kisauni, Mombasa, jambo hili limefika hadi kwa mzee wa mtaa. Seremala ana karakana uani kwake, amenunua msumeno wa meza, na sasa nusu ya mtaa inataka ahamie eneo la viwanda. Nusu nyingine ndiyo iliyomwagizia vitanda.

Msimamo wangu: kumhamisha ni kulikwepa swali. Kelele inategemea mota, bledi na ukuta kuliko anwani.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, 35 usiku. Mchana wenyewe huanza saa 12:01 asubuhi na kwisha saa 2 usiku. Wengi husoma hapo tu, kisha hupima kwa simu, wakaona 80 na ushee, wakapiga picha ya ushahidi. Ila ile 50 ni wastani wa nguvu ya sauti kwa saa zote 14, si wastani wa namba za desibeli zenyewe.

Basi tupige hesabu. Misumeno midogo ya kubebeka, yenye mota ya brashi za makaa, hufika desibeli 100 ukisimama karibu. Uwanjani sauti hupungua 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kutoka mita 1 hadi dirisha la jirani lililo mita 8, zinabaki 82. Akikata dakika 20 tu kwa siku, wastani ni kama 66. Huyo amevunja kanuni, hana utetezi. Sasa chukua mota ya induksheni, ile nzito inayovuta mkanda, tuseme inatoa 88. Dirishani 70, wastani 54. Inua ukuta wa mawe uizibe mashine isionekane kutoka dirishani, na paa lisirudishe sauti kwa jirani, utapunguza hata 10. Yuko ndani ya sheria, na kazi ni ile ile.

Bledi nayo isisahaulike. Zile zenye nyufa nyembamba zilizojazwa plastiki hazipigi sana ule mluzi unaoanza hata kabla ubao haujagusa meno.

Mama wa nyumba ya pili:
Wastani wa saa 14! Mwanangu hulala saa 8 mchana, na anayemwamsha si wastani. Dakika 20 zako hazisikiki kwa mkupuo. Ni sekunde 10, kimya, sekunde 10 tena. Ukishaanza kuingoja ile inayofuata, kichwa kimekwisha. Hayo hayamo kwenye hesabu yako.

Fundi:
Ndugu, unaitaja induksheni kana kwamba inauzwa kwa mama mboga. Hii yangu ililetwa na bodaboda. Ile yako yataka mkokoteni, watu wanne na pesa za kazi ya miezi. Isitoshe nyinyi mko mita 8, mimi nimeiinamia. Mnaniambia nizibe masikio, lakini nikiziba nitajuaje ubao umeanza kubana bledi?

Mwanzilishi wa mjadala:
Fundi, la bei sina jibu zuri. Labda wenye vitanda vyao waache malipo ya awali makubwa zaidi. La masikio nakataa katakata. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15 kwa siku. Vizibo hupunguza sauti, haviifuti. Mota ikilemewa utaisikia. Na kinachozuia ubao usikurukie kifuani ni kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, ambacho mafundi mnakifungua siku ya kwanza mkisema kinasumbua.

Mama, hoja yako inagusa saa, na hapo ndipo pa kuafikiana. Napendekeza mbao za siku zipimwe na kuchorwa zote kwanza, zikatwe kwa mikupuo miwili: saa 3 hadi saa 6 mchana, kisha saa 10 hadi 12 jioni. Katikati ni gundi, msasa wa mkono, vanishi.

Mama wa nyumba ya pili:
Saa 10 sawa. Jumapili je?

Fundi:
Jumapili siwashi umeme, nakubali. Ila msinipangie na Jumamosi.

Jirani wa nyuma:
Ijumaa mwisho uwe saa 5. Uani kwake kumepakana na msikiti.