Fomu 990: jina la mchangiaji mkubwa litaonekana na kila mtu?

Mhazina_Ughaibuni: Wakuu, umoja wetu hapa Marekani ni 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato. Mwaka huu mapato yamevuka dola 200,000, kwa hiyo ni Fomu 990 kamili, ile ripoti ya kila mwaka kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kuna mtu katoa 12,000 na hataki ijulikane; ndugu wa nyumbani wakisikia kiasi hicho simu hazitakatika. Serikali itamwanika? Na orodha ya wanachama je?

Hesabu_Safi: Mkuu, serikali kujua ni jambo moja, umma kujua ni jingine. Aliyetoa 5,000 na kuendelea anaandikwa Kiambatisho B cha fomu hiyo, yaani orodha ya wachangiaji wakubwa, na IRS wanapelekewa jina lake kamili. (Kwa vyama vinavyopata angalau theluthi ya msaada wao kutoka kwa umma, kiwango ni 5,000 au asilimia 2 ya michango yote, yaani kile kilicho kikubwa.) Mtu wa nje akiomba fomu za miaka 3 ni lazima mumpe, ila jina na anwani ya mchangiaji mnaondoa. Kiasi kinabaki. Majina ya wanachama hayaulizwi kabisa. Ya wajumbe wa bodi ndiyo yako wazi, Sehemu ya VII.

Mama_Nyaraka: Mara nyingi siri inavuja mikononi mwetu wenyewe. Mhasibu anakupa PDF mbili, ya IRS na ya umma, kisha mtu anapandisha ya IRS kwenye tovuti. Usifunike jina kwa boksi jeusi tu, maana maandishi ya chini bado yananakilika. Toa nakala mpya isiyo na jina. Na msimshukuru kwa jina kwenye Kiambatisho O, kile cha maelezo ya ziada, maana huwa wazi chote.

Wakili_Mtaa: Hofu yake si ya bure. California ilikuwa inadai Kiambatisho B kwa siri, na bado karibu nakala 1,800 zilikutwa hadharani kwenye tovuti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Tarehe 1 Julai 2021, kesi ya Americans for Prosperity Foundation dhidi ya Bonta, Mahakama ya Juu ya Marekani ililitupa sharti hilo, majaji 6 kwa 3. Iliegemea kesi ya 1958 ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, Alabama ilipotaka majina ya wanachama wakati waliojulikana walikuwa wakifukuzwa kazi na kutishwa. Kuwasaka matapeli ni haki ya serikali, lakini California ilizoa majina ya maelfu na kuyatumia kwa nadra mno.

Mhazina_Ughaibuni: Asanteni sana. Mwakani akipitishia mfuko wa wafadhili (donor-advised fund), yaani anaipa taasisi nyingine pesa kisha hiyo ndiyo inatutumia?

Hesabu_Safi: Hapo mtaandika jina la taasisi inayosimamia mfuko. Risiti ya kodi anapewa na hiyo taasisi, nyie msimwandikie nyingine.