PR ya mstari mmoja inaonyesha +551 −540, watunzaji wako kimya. Naisafishaje?

mchapa_msimbo
Wakuu, salaam. Nina PR (pull request, ombi la kuingiza mabadiliko yangu kwenye mradi) kwenye maktaba ya Python inayosoma CSV. Faili lililohifadhiwa na Excel kwa chaguo la "CSV UTF-8" huanza na baiti tatu za BOM, alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili (EF BB BF), kwa hiyo jina la safu ya kwanza linasomeka `\ufeffjina` badala ya `jina`, na programu inakufa kwa `KeyError: 'jina'`. Nimebadili `encoding="utf-8"` kuwa `encoding="utf-8-sig"` ndani ya kusoma.py, mstari mmoja tu, na kuongeza faili jipya la jaribio lenye mistari 11. Ukurasa wa PR unaonyesha +551 −540 (mistari iliyoongezwa na iliyofutwa) kana kwamba nimeandika upya kila kitu. Wiki ya tatu hii, kimya. Nifunge nifungue nyingine? Na niwakumbushe vipi bila kuwaudhi? Natumia Windows.

fundi_tawi
Usifunge. Hesabu yako yenyewe inasema tatizo: kusoma.py lina mistari 540, na yote 540 imefutwa na kurudishwa. Hapo washukiwa ni wawili, ama miisho ya mistari (alama zisizoonekana zinazofunga kila mstari: CRLF ya Windows dhidi ya LF ya mradi) au kihariri kinachopanga msimbo upya kila unapohifadhi. Watenganishe hivi (`upstream` ni hazina asili ya mradi):

`git diff --stat upstream/main...HEAD`
`git diff --stat --ignore-cr-at-eol upstream/main...HEAD`

Kama kusoma.py inashuka kutoka 1080 hadi 2, ni CRLF. Isiposhuka, ni kihariri. Hakikisha pia kwa `git ls-files --eol kusoma.py`: ukiona `i/crlf`, ujue CRLF imeshaingia ndani ya Git yenyewe, haikuishia kwenye diski yako.

Mkaguzi akifungua PR ya namna hii haoni mstari wako mmoja. Anaona ukuta mwekundu na kijani, anaiahirisha hadi siku atakapopata nafasi, na siku hiyo haiji. Halafu ikiunganishwa hivyo, `git blame` (amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi) itakutaja wewe kwenye mistari 540 usiyoiandika.

dada_wa_seva
Njia ya mkato, mkuu: tengeneza tawi jipya kutoka upstream/main, kisha

`git diff -w upstream/main...tawi-la-zamani > r.patch`
`git apply --ignore-whitespace r.patch`

`-w` inapuuza tofauti zote za nafasi, unabaki na rekebisho tupu.

fundi_tawi
@dada_wa_seva, kwenye C au JavaScript sawa, kwenye Python hapana. Huko nafasi mwanzoni mwa mstari ndiyo maana ya msimbo. Rekebisho likisukuma mstari ndani ya `if`, `-w` inaliona si badiliko na kulidondosha, tena bila onyo lolote. Na mistari mipya ndani ya hiyo r.patch bado ina CR mwishoni, usipoongeza `--whitespace=fix` unairudisha CRLF kwa mlango wa nyuma.

Mstari mmoja hauhitaji ujanja. Uandike upya kwa mkono:

`git branch akiba`
`git fetch upstream`
`git reset --soft $(git merge-base upstream/main HEAD)`
`git restore --staged --worktree kusoma.py`
`git config core.autocrlf input`

Amri hizi ziandike kwenye Git Bash, maana `cmd` haielewi ile `$( )`. `reset --soft` inarudisha tawi pale lilipochipukia ila kazi yako inabaki. `restore` inarudisha kusoma.py ya mradi ilivyokuwa, na `autocrlf input` inageuza CRLF kuwa LF unapoongeza faili kwenye Git. Sasa zima kupanga-unapohifadhi (kwa VS Code ni `editor.formatOnSave`), badili mstari wako, kisha `git add -p kusoma.py`. Itakuonyesha kipande kimoja. Kikiwa zaidi ya kimoja, simama, kuna kitu bado kinagusa faili. Faili la jaribio nalo liliingia na CRLF, kwa hiyo liongeze tena kwa `git add --renormalize .` kabla ya komiti.

Mwisho `git push --force-with-lease` kwenye tawi lilelile. Siyo `--force` tupu: hiyo inafuta hata komiti ambayo mtunzaji ameisukuma kwenye tawi lako.

Na tafadhali usiongeze `.gitattributes` (faili la kanuni za miisho ya mistari) humohumo ati kuwasaidia. Wazo zuri, lakini ni PR ya peke yake.

mzee_wa_viraka
Upande wa maneno. Sisi tumezoea kuanza na salamu, hali, familia, ndipo shida. Kwa mtu mwenye maombi arobaini mezani, mstari wa kwanza uwe shida. Kichwa cha komiti kisizidi herufi 50 hivi, kwa sauti ya amri: "Ondoa BOM wakati wa kusoma CSV" (kwa lugha ya mradi, bila shaka). Acha mstari mtupu, kisha sababu. "Rekebisha kosa" haimwambii mtu kitu.

Kwenye maelezo weka mfano anaoweza kunakili na kuona kosa palepale: faili lenye `b"\xef\xbb\xbfjina,umri\nAsha,30\n"` na mwito wa kulisoma. Jibu mapema swali atakaloliuliza: je, faili lisilo na BOM litaharibika? Halitaharibika, `utf-8-sig` huondoa BOM ikiwepo na isipokuwepo husoma kama kawaida. Ila kwenye kuandika huongeza BOM, kwa hiyo sema wazi kwamba upande wa kuandika hukuugusa.

Kukumbusha: wiki tatu si haraka. Hata mwongozo wa kutuma viraka vya kernel ya Linux unataka usubiri angalau wiki moja kabla ya kuuliza. Lakini "Any update?" ni kelele. Andika kilichobadilika: "Nimeondoa mabadiliko ya miisho ya mistari, sasa ni +12 −1." Hapo ana sababu ya kufungua tena. Usimtaje mtu mmojammoja kwa @ kama hajawahi kuigusa PR yako.

mchapa_msimbo
Ilikuwa CRLF, 1080 ikawa 2. Nimesukuma upya, sasa +12 −1. Shukrani sana wakuu. Ila majaribio ya mradi hayajaanza kabisa, yanasema yanasubiri idhini. Nimekosea tena?

fundi_tawi
Hujakosea. Kwenye GitHub, mchangiaji wa mara ya kwanza majaribio yake hayaanzi mpaka mtunzaji abonyeze kuruhusu. Endesha majaribio kwako kwa `pytest`, uandike kwenye maoni yaleyale toleo la Python ulilotumia na kwamba umejaribu Windows.

dada_wa_seva
Na ile `-w` nimeikubali, naifuta kwenye madokezo yangu ya Python 😅