Lawnside, New Jersey: mji mdogo hivi ulipataje meya wake?

Dereva_wa_Pike:
Habari zenu wakuu. Nimehamia Camden County, nasambaza vifurushi. Njia yangu inapita barabara ya White Horse Pike, na nikifika Lawnside naona wana ofisi yao ya mji na polisi wao, halafu punde tu nimeshaingia Magnolia. Wakazi wengi ninaowapelekea mizigo ni Weusi, na wanauzungumzia mji kwa fahari sana. Nani anajua ulianzaje? Na kwa nini haukuunganishwa na majirani?

Baba Salma:
Huo ndio mji wa kwanza wa Weusi Marekani nzima, kaka. Heshima yao.

Mama Zuhura:
Mwanangu Dereva, karibu South Jersey. Nimewahudumia wazee wa Lawnside majumbani mwao kwa miaka mingi, na historia hii wanaishika kama watu wanavyoshika hati ya shamba.

Anza na ramani. Uko kilomita 15 hivi kusini-mashariki mwa Philadelphia, ng'ambo ya mto Delaware, kwenye tambarare ya mchanga. Ukiufuata mto huo kuelekea baharini unalikuta jimbo la Delaware, ambako utumwa ulikuwa halali hadi 1865. Maryland nayo haiko mbali. Waliotoroka huko wengi walipitia huku. Na New Jersey yenyewe haikuwa na mikono safi: sheria ya 1804 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa tu, tena kwa kungoja, msichana mpaka miaka 21 na mvulana mpaka 25. Mama yao alibaki mtumwa.

Mwaka 1840 mpinga utumwa Ralph Smith alinunua ardhi hapo, akaikata viwanja, akawauzia Weusi kwa bei waliyoimudu. Pakaitwa Free Haven, baadaye Snow Hill. Jina la Lawnside lilikuja na kituo cha reli. Zingatia kwamba waliuziwa. Hawakuwa wapangaji wa mtu. Mmoja wao, Peter Mott, mhubiri, alijenga nyumba yake mnamo 1845 hivi, na yeye na mkewe Elizabeth wakawaficha humo waliokuwa wakikimbia. Ilipopitishwa sheria ya Marekani ya 1850 kuhusu watumwa watoro, kumsaidia mtoro kulimweka mtu katika hatari ya faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Fikiria umelala usiku unasikia mlango unagongwa, na unaamka kufungua.

Sasa hilo la meya. Kuwa na kiwanja hakukupi kauli juu ya barabara ipi itengenezwe na kodi yako iende wapi. Kuanzia 1855 eneo lote hilo lilikuwa chini ya Centre Township, serikali ya mtaa iliyosimamia vijiji vingi pamoja. Majirani wakaanza kujimega, kila mmoja na boro lake, yaani mji mdogo wenye serikali yake: Haddon Heights 1904, Barrington 1917. Tavistock ilipata 1921, na Tavistock ni klabu ya gofu na nyumba chache sana! Mwaka 1926 kilichobakia cha Centre Township kikavunjwa. Bellmawr na Runnemede wakapata boro lao, na tarehe 24 Machi Lawnside ikapata lake: meya na madiwani sita. Ndiyo maana mipaka imebanana hivyo, mji mzima haufiki kilomita 4 za mraba na watu ni pungufu kidogo ya 3,000.

Kinachoniuma mimi ni hicho. Wacheza gofu walitangulia kwa miaka mitano watu waliokuwa hapo tangu 1840.

Baba Salma, shemeji yangu, hapo kwenye "wa kwanza" tuwe waangalifu. Brooklyn kule Illinois ilisajiliwa 1873, Eatonville ya Florida 1887. Kwa New Jersey, sawa, Lawnside ndiyo ya kwanza.

Baba Salma:
Nimekupata, Mama. Hiyo ya Brooklyn sikuwa naijua kabisa.

Dereva_wa_Pike:
Shikamoo Mama, na asante. Kuna cha kuona, au yote yamebomolewa?

Mama Zuhura:
Marahaba mwanangu. Nyumba ya Mott ipo. Ilikaribia kubomolewa ili zijengwe nyumba mpya, chama cha historia cha wakazi kikaipigania, na tangu 2001 ni makumbusho. Piga simu kwanza, haifunguliwi kila siku.

Halafu hapohapo kwenye njia yako, White Horse Pike, kuna makaburi ya Mount Peace, yaliyotengwa kwa Weusi wakati makaburi mengine yalipowakataa. Mtafute John Lawson, baharia wa meli ya Hartford katika pigano la Mobile Bay, 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kombora liliwapiga watu sita waliokuwa wakipandisha risasi za mizinga; yeye alijeruhiwa mguu, akaambiwa ashuke kwa daktari, akakataa, akarudi kazini. Alipewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi Marekani. Weka gari upande wa makaburi, maana barabara ile magari yanakimbia.