Karatasi za Kanisa wanaandikiwa akina nani? Sisi wa jumuiya hatuelewi!

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekasirika na sitaficha. Huu ni mwaka wa tisa nikiwa katibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kikundi cha familia za Kikatoliki mtaani wanaosali pamoja, na nimechoka kuwasomea watu wazima maneno ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyaeleza.

Mwaka 2022 tuliletewa dodoso la Sinodi, yale mashauriano ya Papa Fransisko na waamini wa dunia nzima. Ukurasa wa kwanza tu: "mang'amuzi", "Kanisa la kisinodi", "usindikizaji wa kichungaji", "ushirika, ushiriki na utume". Nikasoma kwa sauti, sebule nzima kimya. Mama mwenye nyumba, mjane aliyefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kabla sijazaliwa, akaniuliza, "Mwanangu, hapo wanatuuliza nini?" Nikasoma tena. Akasema, "Umesoma tu, hujanijibu." Sikuwa na jibu.

Mwisho wa yote mimi na mwenyekiti tulijaza wenyewe, tukarudisha parokiani Jumapili. Hayo ndiyo yakaitwa maoni ya waamini. Watu walipoondoka, yule mama akaniambia kinachomnyima usingizi: wajukuu zake watatu hawajabatizwa kwa sababu wazazi wao hawajafunga ndoa, na hajui aanzie wapi. Sinodi ilitakiwa isikie hilo! Halikuandikwa popote.

Chukueni hilo neno kusindikiza. Tangu Amoris Laetitia, waraka wa Papa Fransisko wa 2016 kuhusu familia, halituishi masikioni: wenye ndoa zenye shida wasindikizwe, vijana wasindikizwe. Jamani, kwetu mgeni husindikizwa anapoondoka. Unamfikisha njia panda, mnaagana, unarudi zako nyumbani. Sasa nikamwambie binti anayeishi na mwanaume bila ndoa kwamba Kanisa linataka kumsindikiza? Ataniuliza kosa lake ni lipi mpaka afukuzwe. Kilichokusudiwa ni kukaa naye, kumshika mkono, kwenda naye mwendo wake. Kiswahili kina maneno hayo yote, aliyetafsiri hakuyatafuta.

Na asije mtu hapa kudai Kiswahili hakiwezi teolojia. Waliotutangulia walitupa Kipaimara, na mtoto wa darasa la tano anasikia humo ndani "kupa" na "imara" kabla katekista hajafungua mdomo. Kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325 maaskofu walivutana juu ya neno moja la Kigiriki, na leo bibi asiyejua kusoma analikiri kanisani bila kukwama: "mwenye umungu mmoja na Baba". Fumbo zito kuliko yote, kwa maneno matano! Halafu barua ya kichungaji kuhusu vijana inatushinda?

Lakini kosa si la watafsiri peke yao. Huko zinakotoka, hati zenyewe zimeandikwa hivyo. Mtu aliyeachana na mwenzake akaoa tena, je, anaweza kukaribia sakramenti? Hilo ni swali la machozi, watu wanazeeka nalo. Katika Amoris Laetitia jibu limewekwa kwenye tanbihi, namba 351, kwa lugha ya "katika hali fulani". Makardinali wanne wakaandika kuomba ufafanuzi. Kama kardinali anauliza, mimi katibu wa jumuiya nifanye nini?

Kisha ikaja Fiducia Supplicans, tamko la Vatikano la 18 Desemba 2023. Inaruhusu kubariki wapenzi wawili, hata wa jinsia moja, bila kubariki muungano wao, baraka ya kichungaji isiyo ya liturujia. Siku 17 baadaye Roma ikatoa maelezo juu ya maelezo, na tarehe 11 Januari maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo, rais wa shirikisho lao, wakasema wazi kwamba baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Ukurasa wao niliusoma mara moja nikaelewa. Katikati ya hapo nilikuwa nimetukanwa sokoni na Walokole, na sikuwa na sentensi moja ya kuwajibu.

Mtaguso wa Vatikano II ulitufungulia mlango tarehe 4 Desemba 1963, ukaruhusu lugha za watu katika Misa. Kilatini kilipoondoka altareni, wazee wanasema walilia kwa furaha. Mimi sijaona faida ya kubadilisha Kilatini kwa Kiswahili kisichozungumzwa na mtu yeyote.

Sasa tumeambiwa utekelezaji wa Sinodi unaendelea hadi mkutano wa Oktoba 2028. Karatasi mpya imefika wiki hii, kurasa sita. "Mang'amuzi" yamo. "Kusindikiza" kumo.

Jumamosi saa 12 asubuhi tunakutana nyumbani kwa yule yule mama. Safari hii sisomi. Nitamuuliza kuhusu wale wajukuu, nitaandika atakavyosema kwa maneno yake, na hayo ndiyo nitakayompelekea paroko. Dodoso litarudi tupu.

Makatibu wenzangu, kwenu mnafanyaje?