Tupeane uzoefu: wivu uliwahi kukufikisha wapi?

Ndugu zangu, ninaomba waliowahi kuishi na wivu mkali, wa kwao au wa wenzi wao, watueleze yaliyowakuta. Ninaanza na yangu.

Nilivua dagaa upande wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa miaka sita. Watu wa mwambao mnajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na kwamba mvuvi hurudi nyumbani mbalamwezi inapowaka. Kwa hiyo nilikuwa mbali na mke wangu sehemu kubwa ya kila mwezi, naye akiuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako riziki hutegemea kuzungumza na wapakiaji, madereva na wanunuzi wanaotoka hadi Kongo. Nilianza kwa kumpigia simu kila jioni, na wote wawili tuliyaita hayo mapenzi. Baadaye nikadai anieleze kila namba iliyompigia, kisha nikamtaka aache biashara, naye akaacha. Wivu haukupungua hata kidogo: nikamgeukia jirani, nikamshuku mwendesha bodaboda, nikafika hadi kwa binamu yangu mwenyewe.

Usiku mmoja wa giza nilirudi bila taarifa ili nimfumanie. Nilimkuta amelala na mtoto, simu ameishika kiganjani, kwa sababu kukosa simu yangu kulimaanisha ugomvi. Niliketi mlangoni hadi kulipokucha. Mtaji wake tulikuwa tumeshaula, na wateja wake walikuwa wameshapata muuzaji mwingine. Ilituchukua miaka miwili kumrudisha sokoni.

Mchangiaji wa Igoma:
Kaka, ahsante kwa kusema ukweli. Wa kwangu alianza na simu akamalizia na mkono. Nilipopeleka shauri kwa wazee wa ukoo niliambiwa nivumilie, kwa kuwa asiyekupenda hakuonei wivu, na maneno hayo yaliniumiza kuliko kipigo. Ni kwenye dawati la jinsia la polisi nilikoelezwa kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vinginevyo. Dada zangu, kishikeni kifungu hicho kichwani.

Mchangiaji wa Sengerema:
Mimi niliyemwonea wivu ni shoga yangu wa tangu utotoni. Alipohamia mjini na kupata marafiki wapya, nilimnunia, nikawa simpokelei simu, nikitaka anibembeleze, mpaka akachoka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, la kuvukia ziwa kwenda Mwanza, lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, sina tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Nimemwandikia jana kumwomba radhi, na bado ninasubiri jibu lake.