Nimerudi safari na mapambo kibao ila sebule haijafanana kabisa na kule, nimekosea wapi?

Kiguu_na_Njia:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima raha kweli. Mwezi uliopita nilikuwa Morocco, siku tano Marrakech na nne Fes, na kote nililala kwenye zile nyumba za zamani wanaziita riad. Ukiwa nje kwenye kichochoro unaona ukuta mrefu tu wa rangi ya udongo, hauna dirisha, mlango mdogo, unaweza ukadhani ni stoo. Ukiingia unapita korido nyembamba yenye giza, inakata kona, na ukishakata hiyo kona ghafla unatokea uani, juu wazi, katikati maji yanachuruzika, kuna michungwa, na vyumba vyote vimegeukia humo ndani. Kelele za nje zote zimeisha. Asubuhi ya kwanza nilikaa pale pembeni ya maji nikajisemea nikirudi lazima kwangu pawe hivi.

Basi nikanunua. Taa ya shaba yenye matobo matobo, mito sita, zulia, masinia mawili ya kutundika, vyungu, na nilipofika nikapaka ukuta mmoja ile bluu kali ya bustani ya Majorelle kule Marrakech. Vyote nimeviweka sebuleni na haijawa. Kila kitu kizuri kikiwa peke yake ila vikikaa pamoja chumba kinakuwa kama duka, bluu ndo kabisa, ikifika jioni inakuwa nzito kama wingu la mvua, na ile taa sioni hata maua yake ukutani. Vitu si ni vile vile jamani? Nimekosea wapi?

Fundi_Rangi:
Mkuu hongera kwa safari. Nianze na huo ukuta maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Bluu ile Jacques Majorelle, mchoraji Mfaransa mwenye hiyo bustani, aliipaka kwenye kuta za nje, inapigwa na jua la Marrakech na imezungukwa na majani ya kijani pande zote. Jua ndo linaiwasha. Ukiichukua ukaileta ndani kwenye chumba chenye dirisha moja haina cha kuiwasha, inameza mwanga mdogo uliopo na wewe unabaki na giza la bluu. Ni kama watu wanaorudi Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, wanataka nyumba yote nyeupe, kule weupe wa chokaa unarudisha jua kali la baharini, ukiuweka kwenye chumba kisichoona jua unapauka unakuwa kijivu, utadhani fundi hakumaliza kazi.

Tafuta ubao wa nusu mita hivi, upake rangi unayofikiria, uegemeze ukutani uuangalie asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka, kwa siku mbili tatu. Usichague rangi kwa picha ya kwenye simu, kamera inaongeza mambo yake. Kama unaipenda sana ile bluu kali ihamishie kwenye kitu kidogo kinachopigwa na jua, mfano vyungu vya nje.

Na nikuulize, kuta za chumba ulicholala zilikuwa na mng'ao fulani laini kama jiwe lililopapaswa miaka mingi? Kama ndiyo basi pengine haikuwa rangi kabisa, ni tadelakt, lipu ya chokaa wanaisugua kwa jiwe gumu mpaka inakaza alafu wanapaka sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, ile sabuni inashikana na chokaa na maji hayapenyi kirahisi, ndo maana utaikuta mpaka bafuni. Ule mng'ao ndo unatembeza mwanga taratibu chumbani na rangi ya kawaida ya ndoo haiwezi kukupa hiyo.

Alafu hiyo taa, ukiiwasha unazima ya dari? Na balbu yake ikoje?

Kiguu_na_Njia:
Ndiyo kuta zilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nazigusa kila nikipita! Taa ya dari huwa inawaka muda wote, na balbu ya ndani ni ile nyeupe yenye kioo cha ukungu.

Fundi_Rangi:
Hapo hapo. Kioo cha ukungu kinatawanya mwanga, kwa hiyo kila tobo linatoa kivuli kilichofifia, na taa ya dari inakuja kufuta hata hicho kidogo. Weka balbu ya kioo angavu yenye kiini kidogo, yenye mwanga wa manjano (2700 kelvini), ishushe iwe karibu na ukuta wa rangi nyepesi, zima ya dari. Fanya usiku wa leo uje utuambie.

Mchora_Ramani:
Fundi kaongea vizuri kuhusu mwanga ila mimi naona kuna jambo kubwa zaidi na wewe mwenyewe umeliandika bila kuligundua. Soma tena aya yako ya kwanza. Umetaja ukuta mtupu, korido ya giza, kona, uwazi, maji, ukimya. Hujataja mto wala sinia hata moja! Vitu ulivyonunua sio vilivyokugusa, ulivinunua kwa sababu vilikuwa vinauzwa na korido haiuzwi.

Kuna mfano nauheshimu sana, Luis Barragán, msanifu majengo wa Mexico. Miaka ya 1920 alisafiri Ulaya akafika Alhambra, kasri la kale kule Granada, Hispania, na mwaka 1980 alipopewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, karibu miaka 60 baadaye, bado alikuwa anasimulia jinsi alivyopita kwenye njia nyembamba yenye giza akatokea kwenye ua wa mihadasi. Fikiria, miaka yote hiyo kilichobaki kichwani ni kupita mahali pabanifu alafu pakafunguka. Nyumba aliyojijengea Mexico City mwaka 1948 (UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2004) hukuti nakshi za Alhambra, kuta ni tupu tu, lakini ukiingia unaanza na kijikorido chenye mwanga hafifu ndo unatokea kwenye ukumbi wenye mwanga. Yeye alibeba ule mpangilio wa kutembea, marumaru aliziacha kule kule.

Sasa kwako huwezi kubomoa nyumba, sawa, lakini korido ya kuingilia unayo? Ipake rangi iliyokolea, taa moja ndogo, ukutani usiweke kitu, alafu sebule iwe nyepesi na yenye nafasi. Viti navyo usivipange vyote viangalie tv, vigeuze viangaliane, hata katikati ukiweka mti mmoja kwenye chungu chako kikubwa inatosha. Riad inageukia ndani, hilo unaweza kulipata hata kwenye chumba cha kupanga.

Kobe_Mzee:
Nakubaliana na Mchora Ramani ila asikukatishe tamaa na vitu vyako, umevibeba mbali. Mimi nilijifunza Japani. Kwenye vyumba vyao vya mikeka kuna sehemu ya ukuta imeingia ndani kidogo, tokonoma, kama kidaka kikubwa kinachoanzia chini, na humo wanaweka picha moja ya kutundika na ua moja basi. Msimu ukibadilika wanabadilisha. Vingine vimehifadhiwa kabatini, havijatupwa. Nilirudi nikachagua kona moja tu ya nyumba, nakiweka kitu kimoja mwezi au miwili, alafu nakirudisha kwenye boksi natoa kingine, na kila nikikitoa nakumbuka upya siku niliyokinunua na mzee aliyenifungia kwenye gazeti. Vilipokuwa vyote rafuni nilikuwa sivioni tena.

Nuru_Dirishani:
Mimi naongezea ya haraka. Hivyo vyungu kama vimepakwa ile rangi ya kioo ya kienyeji usivilie chakula mpaka uwe na uhakika, baadhi zina madini ya risasi, viache viwe mapambo. Taa ya umeme kutoka nje angalia volti kabla hujachomeka, Japani wanatumia 100 na sehemu nyingi ni 220 mpaka 240. Na mnaopanga safari msinunue pembe za ndovu, magamba ya kasa wala matumbawe, kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya 70 na forodhani mtalia, hata mbao za jamii ya Dalbergia (mpingo umo) zimewekwa humo tangu 2017. Bebeni futi ya kupimia na vipimo vya chumba kwenye simu, mazulia mengi yanakuwa madogo ukifika nyumbani, angalau miguu ya mbele ya sofa ikanyage zulia.

Kiguu_na_Njia:
Wakuu asanteni sana, nimesoma mara mbili. Jana usiku nilibadilisha balbu nikaishusha taa mpaka usawa wa bega pembeni ya ukuta wa krimu, nikazima ya dari. Maua yametokea! Mpaka kwenye dari yamefika, mistari yake iko wazi kabisa, na nikiigusa taa kidogo ukuta mzima unatembea. Nilikaa chini kwenye zulia karibu saa nzima.

Mito minne na masinia yameenda kwenye boksi. Mchora Ramani korido ninayo, fupi tu, nilikuwa nimeijazia viatu na picha, leo nimeitoa yote. Ukuta wa bluu nasubiri kwanza, nimepaka ubao rangi tatu upo umeegemea pale, ya katikati asubuhi niliidharau ila saa hizi jua linazama naiona ndo nzuri kuliko zote.