Naomba ushauri: Je, tuchangie gemu la zamani linalotengenezwa upya?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi na wenzangu hapa Chake Chake tunataka kukusanya fedha ili tuchangie, kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, kampeni ya kulitengeneza upya gemu tulilolipenda tangu utotoni, lakini moyo wangu unasita. Uzuri wa njia hii nauona: gemu lililoachwa na kampuni kubwa linaweza kufufuliwa na wanaolipenda, na lengo la fedha lisipofikiwa mchangiaji hakatwi hata senti. Linalonitia wasiwasi ni yanayofuata baada ya lengo kufikiwa, kwa kuwa mchangiaji si mwanahisa, wala si mnunuzi mwenye hakika ya bidhaa. Kwa mfano, System Shock, gemu la mwaka 1994, lilichangiwa zaidi ya dola milioni 1.3 mwaka 2016 ili litengenezwe upya. Kazi ikasimamishwa kwa muda mwaka 2018 baada ya mpango kupanuka kupita kiasi, na gemu likatoka mwaka 2023. Lilitoka zuri, lakini miaka saba ni mingi kwa fedha za vijana wanaobangaiza. Je, nichunguze nini kwa watengenezaji kabla ya wenzangu kutoa fedha zao, au ni bora tusubiri tulinunue likishakamilika?